Mwamba Mmoja, Nchi Mbili: Tume, Ukanda wa Kinga au Daftari la Pamoja?

Mto ukikatwa na mpaka, kila upande unaona kinachopita. Maji ya chini ya ardhi hayaonekani. Pampu inawashwa upande huu, miaka inapita, kisha visima vya upande wa pili vinaanza kukauka, na hapo kila mtu ana maelezo yake. Orodha ya kimataifa ya mwaka 2021 ilihesabu miamba ya maji 468 inayovuka mipaka ya nchi. Wataalamu huiita akwifa: tabaka la mchanga, changarawe au mwamba wenye vinyweleo na nyufa zinazoshika maji na kuyapitisha. Makubaliano yaliyoandikwa kwa ajili ya akwifa fulani ni machache mno, kiasi kwamba anayetaka kuchagua mfano wa kufuata anaweza kuyasoma yote kwa siku chache.

Nimeyapanga hapa kwa ajili ya mtu aliyepewa kazi hiyo: mjumbe wa kamati ya wataalamu, mwanasheria wa wizara, au mwanafunzi anayeandika kuhusu jambo hili. Sitayapa nafasi sawa. Mawili kati yake yanafundisha kuliko yaliyobaki yote, nami nitakaa nayo zaidi.

Uulize mwamba kabla ya wanasheria

Swali la kwanza ni kama maji yanajazwa upya. Kuna akwifa zinazopokea mvua, theluji iliyoyeyuka au maji ya mto kila mwaka. Ukivuta kwa kiasi, yanarudi. Na kuna zilizojaa maelfu ya miaka iliyopita, enzi ambazo Sahara na Bara Arabu zilipata mvua nyingi kuliko leo. Maji hayo ya kale yanachimbwa kama madini. Kilichotoka kimetoka, na kinachobaki kujadiliwa ni mwendo wa kuyamaliza.

Swali la pili ni umbali. Kisima kinapovutwa, usawa wa maji unaokizunguka hushuka kwa umbo la faneli. Faneli hiyo hupanuka kadiri pampu inavyofanya kazi, na ikifika mpakani haiulizwi pasipoti. Ndiyo maana kanuni za mito hazikai vizuri hapa. Kwenye mto anajulikana aliye juu na aliye chini. Kwenye mwamba, pampu zenye nguvu zinaweza kugeuza mwelekeo: maji yaliyokuwa yakienda kwa jirani yakaanza kurudi kwako. Lakini kuna upande wa pili wa jambo hilo, ambao hotuba za mikutano huuruka. Katika akwifa yenye upana wa mamia ya kilomita, kisima kilicho katikati ya nchi moja huenda kisimguse jirani kwa vizazi kadhaa. Wanaoumizana kweli mara nyingi ni wale wa ukanda mwembamba kandokando ya mpaka. Anayesahau hilo huishia kujadili bara zima wakati tatizo liko kwenye visima ishirini.

Ukishajibu maswali hayo mawili, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Geneva na Disi: miamba miwili, tiba mbili

Akwifa ya Geneva ni ndogo. Iko chini ya jiji la Geneva na vitongoji vyake, Uswisi ikiwa na sehemu kubwa na Ufaransa ikiwa na kipande upande wa Haute-Savoie. Hulishwa hasa na mto Arve unaoshuka kutoka milima ya Alps. Katika miaka ya 1960 na 1970 pande zote mbili zilivuta kupita kiasi, usawa wa maji ukashuka kwa takriban mita 7, na baadhi ya visima vikawa karibu kutofaa. Waswisi walikuwa na njia mbili: kujenga mtambo mpya wa kusafisha maji ya ziwa, au kuujaza mwamba wenyewe kwa maji ya Arve. Hesabu ilionyesha kwamba kuujaza ni nafuu. Kituo cha Vessy kilianza kazi mwaka 1980: huchukua maji ya mto, huyachuja, kisha huyaacha yazame ardhini. Mto ukichafuka, kituo husimama.

Hapo ndipo ugumu wa mpaka ulipojitokeza. Ukijaza mwamba kwa fedha zako, maji hayo hayabaki upande wako. Jirani angevuta bure kilichonunuliwa na wengine. Makubaliano ya mwaka 1978 yalijengwa juu ya bili hiyo. Yaliunda tume ya watu sita, watatu kila upande, wengi wao wakiwa wataalamu wa maji. Upande wa Ufaransa uliruhusiwa kuvuta hadi mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, na milioni 2 za mwanzo zisilipiwe gharama ya kujaza. Kila kisima kiwe na dira, yaani mita ya maji, na dira zisomwe. Mkataba huo ulidumu miaka 30, na mwaka 2007 ukaandikwa upya kwa miaka 30 mingine kuanzia 2008.

Kinachonivutia zaidi ni waliotia saini. Hawakuwa marais wala mawaziri wa mambo ya nje. Walikuwa jimbo la Geneva na mamlaka za Haute-Savoie, na mkataba wa pili ukasainiwa na manispaa za Ufaransa zenyewe, yaani watu wanaouza maji na kujibu wateja bomba likikauka. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa ushirikiano. Ana dira mkononi na bili mezani.

Sasa hamia Disi. Huu ni mwamba wa mchanga uliolala chini ya kusini mwa Jordan na kaskazini mwa Saudi Arabia, ambako huitwa Saq. Maji yake ni ya kale na hayajazwi kwa kiasi cha maana. Kuanzia miaka ya 1980 Saudi Arabia iliyavuta kwa wingi kulima ngano jangwani, na Jordan nayo ikaruhusu mashamba makubwa upande wake. Kisha Jordan, mojawapo ya nchi zenye uhaba mkubwa wa maji duniani, ikajenga bomba la kilomita 325 kutoka Disi hadi Amman. Lilianza kufanya kazi mwaka 2013, likikusudiwa kupeleka mita za ujazo milioni 100 kwa mwaka. Kwa muda mrefu hapakuwa na mkataba wowote. Kila upande ulijua mwenzake anavuta, na kila mmoja akavuta.

Tarehe 30 Aprili 2015 nchi hizo zilisaini makubaliano mafupi sana. Yalichora maeneo mawili kandokando ya mpaka. La kwanza ni eneo la hifadhi: hakuna kuvuta maji humo, na shughuli zilizokuwapo zikapewa miaka mitano zikome. La pili ni eneo la usimamizi: maji yavutwe kwa matumizi ya miji tu, kilimo kisiguse. Kamati ya pamoja ya wataalamu hufuatilia viwango vya maji, ubora wake na kiasi kinachovutwa.

Ukiyaweka makubaliano haya mawili ubavu kwa ubavu, tofauti inaonekana mara moja. Geneva wanahesabu lita. Disi wanahesabu kilomita. Geneva wana tume inayokaa kila mwaka kupanga nani avute kiasi gani. Kwa Disi, kazi kubwa imefanywa na mstari kwenye ramani: ukivuka huruhusiwi kuchimba, basi. Mstari huo una faida ambayo hudharauliwa. Mtu akichimba kisima ndani ya eneo lililokatazwa, anaonekana. Mtambo wa kuchimba hauwezi kujificha jangwani, na shamba la kijani la duara huonekana hata kwenye picha za setilaiti. Lakini dira iliyochezewa, au kisima kinachovutwa usiku, kinahitaji mkaguzi anayeaminika pande zote mbili, na mkaguzi huyo ni adimu kuliko maji.

Kasoro ya Disi nayo ni wazi. Makubaliano hayaweki kikomo cha jumla. Nje ya maeneo hayo mawili kila nchi iko huru kuchimba itakavyo, na mwamba utaendelea kupungua. Ukanda wa kinga unawazuia majirani wasinyang'anyane mpakani, hauokoi maji. Nadhani kwa maji ya kale hilo si kosa la waandishi. Walijua hawawezi kukubaliana nani ale akiba kwa kasi gani, wakakubaliana kwa lile lililowezekana: kila mmoja ale upande wake bila kuingiza mkono kwenye sahani ya mwenzake.

Kuna mfano unaosimama katikati ya hao wawili, nao ni mzee kuliko wote. Mwaka 1973 Marekani na Meksiko, katika waraka unaojulikana kama Minute 242, ulioandikwa hasa kumaliza ugomvi wa chumvi kwenye mto Colorado, ziliweka kifungu kuhusu maji ya chini karibu na San Luis. Ndani ya kilomita 8 za mpaka wa Arizona na Sonora, kila nchi isivute zaidi ya mita za ujazo 197,358,000 kwa mwaka. Ukanda, na ndani yake namba. Kifungu hicho kilisema wazi kuwa ni cha kusubiri mkataba kamili wa maji ya chini ya ardhi kwa mpaka mzima. Imepita zaidi ya nusu karne na mkataba huo haujaja. Kile kidogo kilichokuwa cha muda ndicho kilichobaki. Kila nikisikia mtu akitaka kuanza na mkataba mkubwa, hukumbuka kifungu hiki.

Daftari la pamoja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Algeria, Libya na Tunisia zilianzia kwenye daftari. Chini ya jangwa lao kuna mfumo wa akwifa wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Uvutaji uliongezeka kutoka takriban mita za ujazo bilioni 0.6 kwa mwaka mnamo 1970 hadi bilioni 2.5 mwaka 2000, wakati maji yanayoingia ni karibu bilioni moja tu. Mifereji ya kale ya chini ya ardhi iitwayo foggara, iliyolisha vijiji vya oasisi za Algeria kwa karne nyingi, ilianza kukauka, na chemchemi za kusini mwa Tunisia zikanyamaza. Hatari nyingine ni chumvi: usawa wa maji ukishuka mno, mabwawa ya chumvi ya jangwani yanaweza kuanza kuvuja kuelekea kwenye maji matamu.

Nchi hizo tatu hazikugawana maji. Ziliweka data zao za visima kwenye hifadhi moja, zikajenga modeli moja ya kompyuta, na mwaka 2002 zikakubaliana juu ya utaratibu wa kushauriana ambao baadaye ulifanywa wa kudumu, chini ya Shirika la Uangalizi wa Sahara na Saheli lililoko Tunis. Faida yake haipimiki kirahisi. Hakuna tena ugomvi kuhusu kama maji yanashuka, kwa sababu wote wanatazama grafu moja. Waliowahi kukaa kwenye vikao ambapo kila upande unaleta namba zake wanajua thamani ya hilo. Nusu ya muda huisha kubishania namba.

Upungufu wake ni kwamba daftari halizimi pampu. Utaratibu huo unashauri, hauamuru. Hali ni hiyo pia kwenye mwamba wa mchanga wa Nubia, wenye zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Una mamlaka ya pamoja tangu mwaka 1992, makao yake Tripoli, makubaliano mawili ya mwaka 2000 kuhusu ufuatiliaji na kubadilishana data, na mpango mkakati uliosainiwa mwaka 2013. Kwenye karatasi ni taasisi nzito kuliko ile ya Sahara ya kaskazini-magharibi. Kwa vitendo, taasisi inayotegemea mji mmoja kuwa na amani hulala mji huo unapovurugika. Anayeunda chombo kipya ajiulize nakala ya pili ya data itakaa wapi.

Mkataba mkubwa, kwa kifupi

Argentina, Brazil, Paraguay na Uruguay zilisaini mkataba wa akwifa ya Guarani tarehe 2 Agosti 2010. Ulianza kutumika mwaka 2020, baada ya Paraguay, ya mwisho kati ya nne, kuuridhia. Miaka kumi, kati ya nchi ambazo hazikuwa na ugomvi mkubwa juu ya maji hayo. Maneno yake ni mazuri: matumizi ya haki na ya busara, wajibu wa kutomdhuru jirani, kupeana taarifa. Pia unasisitiza kwa nguvu kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya sehemu yake ya mwamba. Hauna kikomo cha uvutaji wala bili.

Cha kufundisha zaidi ni kilichotangulia mkataba. Kabla ya 2010 kulikuwa na mradi wa utafiti uliochagua maeneo manne ya majaribio, na mawili kati yake yalikuwa miji pacha ya mpakani: Rivera ya Uruguay na Santana do Livramento ya Brazil, kisha Salto ya Uruguay na Concordia ya Argentina, ambako visima vya maji moto vinavyolisha vituo vya kuogea vikiwekwa karibu mno vinapunguziana nguvu. Huko ndiko mpaka unakohisiwa. Eneo jingine, Ribeirão Preto, liko ndani kabisa ya Brazil. Linavuta sana, lakini shida yake ni ya Brazil.

Sheria za kimataifa nazo nizipitie haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu njia za maji za kimataifa, ulioanza kutumika 2014, unagusa maji ya chini pale tu yanapoungana na mto au ziwa; akwifa ya kale iliyojitenga imeachwa nje. Rasimu ya vifungu 19 kuhusu akwifa zinazovuka mipaka, iliyozingatiwa na Baraza Kuu la Umoja huo mwaka 2008, inagusa zote, ila ni rasimu, haimfungi mtu. Mkataba wa Helsinki wa mwaka 1992, uliokuwa wa Ulaya na sasa uko wazi kwa nchi zote, unahusu pia maji ya chini, na Chad na Senegal zilijiunga mwaka 2018. Chukua humo maneno ya kuandikia, usitarajie yachimbe wala yazuie kisima.

Chombo kipya au chumba kwenye nyumba iliyopo?

Botswana, Namibia na Afrika Kusini zilikuwa na akwifa ya Stampriet chini ya Kalahari. Badala ya kuunda tume mpya, mwaka 2017 ziliuweka utaratibu wake ndani ya ORASECOM, tume ya bonde la mto Orange-Senqu iliyokuwapo tangu mwaka 2000. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kufanyika. Napenda njia hii kuliko ninavyopenda majina makubwa: sekretarieti ipo, bajeti ipo, mawaziri wanakutana tayari. Ina usumbufu wake. Mipaka ya mwamba haifuati mipaka ya bonde la mto, kwa hiyo Lesotho ni mwanachama wa tume lakini mwamba haumgusi. Na wataalamu wa mito wana tabia ya kuisukuma ajenda ya visima hadi saa ya mwisho ya kikao.

Kwa hiyo wewe uchague ipi

Kama maji yanajazwa, mwamba ni mdogo na wavutaji ni mamlaka za maji zenye dira, fuata Geneva. Usijaribu Geneva pasipo dira. Makubaliano ya kugawana gharama mahali ambapo wakulima elfu mbili wana visima visivyosajiliwa ni hadithi tu. Na wenye bomba wapewe kalamu ya kutia saini, wizara ya mambo ya nje ibaki mlezi.

Kama maji ni ya kale na tatizo liko mpakani, fuata Disi, ila ongeza namba kama walivyofanya San Luis. Upana wa ukanda uamuliwe na kasi ya faneli kwenye mwamba wenyewe: mchanga unaopitisha maji haraka unahitaji ukanda mpana kuliko mwamba mgumu. Kilomita kumi hupendeza masikioni, lakini kama hakuna aliyefanya jaribio la kuvuta maji na kupima visima jirani, ni namba ya kubuni.

Kama hamuaminiani, anza na daftari, na msione haya kwamba ni kidogo. Weka kwenye maandishi mambo matatu: data zipi zinapelekwa, mara ngapi, na nini kinafuata upande mmoja ukikaa miezi kumi na miwili bila kupeleka. Makubaliano mengi ya data hufa kwa kukosa hilo la tatu. Kama tayari kuna tume ya mto inayofanya kazi, daftari likae humo.

Mkataba wa nchi zote juu ya mwamba wote ningeuacha uwe wa mwisho, isipokuwa pale nchi zinapohitaji kwanza kuhakikishiana kwamba hakuna anayenyang'anywa mamlaka yake. Hilo ni hitaji halali, na Guarani ilikuwa na hofu hiyo. Lakini wakati mawaziri wanangoja mabunge yaridhie, visima vya mpakani havingoji.

Kabla ya kikao cha kwanza, omba kila upande ulete karatasi moja: orodha ya visima vyote vilivyo karibu na mpaka, kina chake, mwaka vilipochimbwa, na usawa wa maji ulipopimwa mara ya mwisho. Upande mmoja ukija mikono mitupu, usifungue rasimu yoyote siku hiyo. Tafuteni fedha za kuhesabu visima, mkutane tena msimu wa kiangazi unaofuata.